Kumlisha mtori mgonjwa wa kiharusi asipaliwe

Mjini Moshi, mgonjwa akirudi nyumbani, mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, ndio humtangulia mezani. Ni chakula kizuri kwa mwenye shida ya kumeza, ukipikwa kwa uzito unaofaa. Lakini kwanza mhudumu wa afya awe amempima kumeza. Kabla ya hapo asipewe hata maji.

Weka kidole kwenye kikoromeo chako, meza mate. Kimepanda kama sentimita 2, kikarudi. Kinavutwa na misuli ya chini ya kidevu, iliyoshika mfupa mdogo wenye umbo la herufi U ambao haukuungana na mfupa mwingine wowote. Zoloto, yaani kisanduku cha sauti ambacho kikoromeo ni sehemu yake ya mbele, likipanda, kidakatonge, kile kifuniko kidogo cha njia ya hewa, huinama kulifunika, nyuzi za sauti hubana, pumzi husita, na msuli unaofunga mlango wa umio, njia ya chakula, hulegea. Misuli mitatu ya ukuta wa koromeo (nyuma ya mdomo), iliyopandana, husukuma tonge chini. Kazi yote hiyo ni ya sekunde 1 hivi. Kiharusi huichelewesha au hulegeza upande mmoja, na maji hayasubiri: hufika njia ya hewa ikiwa bado wazi. Chakula kizito huteremka polepole, misuli ikapata nafasi ya kujipanga.

Chemsha ndizi mshare zilainike kabisa, ziponde, ongeza mchuzi wa nyama kidogo kidogo, kisha pitisha kwenye chujio. Nyama itoe au isage kabisa, maana nyuzi zake hukwama kooni. Chota kijiko ukiinamishe: mtori uanguke kwa donge moja na ubaki umetuna kwenye sahani, bila maji kuchuruzika pembeni. Ukitiririka ni mwepesi. Ukinata kijikoni, utanata na kooni. Baridi ya Julai huukaza upesi, kwa hiyo uongezee mchuzi wa moto kijiko kimoja kimoja, uponde upya.

Kosa linalowapita wengi ni kurudisha kijiko cha mgonjwa kwenye bakuli kubwa. Mate huvunja wanga, na baada ya muda mtori unakuwa mwepesi bila mtu kuutia maji. Pakua kidogo pembeni. Kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, kiache, kina maganda ya maharage. Tikiti na chungwa navyo hugeuka maji mdomoni. Parachichi lililoiva, likipondwa, halina neno.

Mgonjwa awe macho kweli, akae wima kwenye kiti, nyayo chini, kidevu kimeshuka kidogo. Wewe pia kaa. Ukisimama, atainua uso kukutazama, na shingo ikiinuka hivyo njia ya hewa hubaki wazi zaidi. Tumia kijiko cha chai, anza na nusu, weka upande wa mdomo wenye nguvu. Tazama kikoromeo kipande na kushuka ndipo uchote kingine. "Mama, meza tena," umwambie, hata mdomo ukionekana mtupu. Kila baada ya vijiko vichache aseme "aaa". Sauti ikitoka na majimaji, kama ya mtu anayesukutua, kuna kitu kimekaa juu ya nyuzi za sauti: akohoe, ameze tena, na sauti isiporudi safi acha kumlisha. Usisubiri kikohozi tu, kwani wapo wanaopaliwa kimyakimya, koo limepoteza hisia. Homa au pumzi za haraka baadaye ni za kupeleka hospitali siku hiyohiyo.

Akipaliwa huku anakohoa, mwinamishe mbele, mwache akohoe, usimpe maji. Akishindwa kukohoa wala kutoa sauti, mpige kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega mara 5, kisha simama nyuma yake, minya juu ya kitovu kuelekea ndani na juu mara 5, urudie, mwingine akitafuta gari.

Akishamaliza, kagua shavu lililolegea, chakula hujificha humo. Msafishe meno na ulimi, kwa sababu mate machafu yakiingia mapafuni huleta nimonia. Asilale kabla ya dakika 30.