Kabla hujakwangua rangi ya gari la zamani

Ndugu zangu wa Lubumbashi wenye Peugeot 404 au Volkswagen ya mzee imelala uani: kabla ya kupiga msasa, inua zulia, chungulia na nyuma ya dashibodi. Huko mara nyingi rangi ya kiwandani bado ipo, haijapigwa jua. Ipige picha mchana, kivulini, pamoja na kibati cha namba ya chasi. Ukishaikwangua, ushahidi huo haurudi.

Kila waya unaochomoa ufungie kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka ukiguswa na petroli. Bolti za kila mlango zipate kopo lao.

404 ilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1960, na mafundi wanaoijua kwa kichwa wanazidi kupungua. Kaa na mzee kama huyo, mrekodi kwa simu akieleza anavyoirekebisha kabureta. Kwangu mimi hiyo ni hazina kuliko kitabu chochote.

Kitabu cha kiwandani nacho kisiende garaji. Toa fotokopi, ichafuke yenyewe. Cha asili kikae kabatini, mbali na ukuta, maana mvua zikianza Novemba karatasi huota ukungu upesi.