Leseni ya Kubeba Bastola Texas Baada ya Hukumu ya Dawa za Kulevya

Anza kwa karani wa mahakama iliyosikiliza kesi yako: omba nakala ya hukumu, kisha utafute mahali palipoandikwa daraja la kosa. Usitegemee kumbukumbu, kwani wapo wanaodhani walitiwa hatiani kwa kosa dogo, kumbe katika jimbo hilo kupatikana na kokeini, hata isiyofika gramu 1, ni kosa kubwa la jinai, ambalo kwa kawaida humnyima mtu leseni, huku sheria ya shirikisho ikimkataza hata kumiliki silaha.

Ikiwa ni kosa dogo la daraja A au B, kama vile kukutwa na bangi isiyozidi wakia 2, ni lazima miaka 5 iwe imepita tangu utiwe hatiani hadi siku ya kuomba. Hukumu mbili ndani ya miaka 10 kwa makosa yanayohusu matumizi ya dawa au pombe humfanya mwombaji ahesabiwe kuwa mraibu, naye hukataliwa. Wengi huponzwa na kesi ambazo hakimu aliahirisha kutia hatiani. Kwa leseni hii, nazo kwa kawaida huhesabiwa kuwa hukumu.

Ukijiridhisha, peleka maombi Idara ya Usalama wa Umma ya Texas pamoja na ada ya dola 40, ukitaja kila kesi bila kuficha. Ruhusa ya kubeba bastola bila leseni, iliyoanza Septemba 2021, haimhusu aliyekatazwa kumiliki silaha.