Acheni watu wacheke

Kama klabu yenu ya maigizo shuleni inaandaa komedi ya muziki, zile za zamani zenye nyimbo na densi, fanyeni pia mazoezi ya kusubiri kicheko. Wanafunzi wengi hukariri maneno barabara, lakini siku ya onyesho ukumbi ukiangua kicheko wao wanaendelea kusema, na mstari unaofuata unamezwa. Mara nyingi huo ndio uliobeba kisa.

Wiki ya mwisho waiteni wenzenu wachache waketi viti vya mbele. Wakicheka, mwigizaji asigande kama sanamu wala asiwatazame. Abaki ndani ya uhusika wake, akunje leso, amkazie macho anayegombana naye. Kicheko hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka. Kinapoanza kushuka, kabla ukumbi haujanyamaza kabisa, ndipo aseme. Akingoja kimya kitupu, mwendo wa mchezo umekufa. Na wasipocheka? Asonge mbele tu, asiwaombe.

Kwenye wimbo ni kazi zaidi, maana muziki haumngoji mtu. Penye neno la kuchekesha punguzeni mbwembwe za miguu: densi isimame, mwimbaji atamke kila silabi, kisha wacheze tena. Kati ya beti, mpiga piano anaweza kurudia mapigo machache hadi kelele zitulie. Mwekeeni alama kwa penseli kwenye nota zake, na mkubaliane ni nani atakayempa ishara ya kuendelea.