Kufunga vifaa vya ziada kwenye pikipiki ya safari, na kutibu hitilafu zake ndogo njiani

Pikipiki nyingi zinazoletwa kwangu kabla ya safari ndefu haziumwi ugonjwa wa kiwandani. Zinaumwa kile kilichofungwa juu yake: taa zilizounganishwa kwa kusokota waya na kuzungushia tepu, chaja ya simu iliyodandia waya wa taa kubwa, sanduku la nyuma lililoshikwa na bolti mbili zisizo na washa. Injini haina tatizo na betri haina tatizo, lakini waya mmoja uliochubuka unaunguza fyuzi na taa zote zinazimika usiku, katikati ya hifadhi ya Mikumi, tembo na nyati wakivuka lami.

Ndiyo maana ninapofunga kifaa chochote nafuata kanuni moja: kikifa, kife peke yake. Kisiondoke na taa kubwa, wala breki, wala uwezo wa kuwasha injini. Hatua zote hapa chini zimetoka kwenye kanuni hiyo. Mfano wangu ni safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya, kwa sababu ina kila kitu: joto la Morogoro, mlima na malori ya Kitonga, baridi ya Makambako, na changarawe ukiamua kuchepuka.

Hatua ya 1: Pima umeme kabla ya kununua chochote

Chukua mita ya umeme, hata ile ya bei ndogo. Injini ikiwa imepumzika usiku kucha, gusa ncha za betri. Betri iliyojaa inasoma volti 12.6 hadi 12.8. Washa injini, ongeza mafuta kidogo ipande juu ya sailensa (mwendo wa injini usipofungua mafuta), pima tena. Unataka kuona kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, pikipiki haichaji vizuri, na taa za ziada zitaimaliza betri kabla hujafika Iringa. Ikipanda zaidi ya 15, regyuleta, yaani kidhibiti cha volti za kuchaji, imeharibika na itaichemsha betri. Katika hali zote mbili, tengeneza kwanza. Usifunge kitu.

Kisha piga hesabu. Wati gawanya kwa volti unapata ampea. Taa mbili za halojeni za wati 55 kila moja ni wati 110, yaani zaidi ya ampea 9. Taa mbili za LED za wati 18 ni wati 36, yaani ampea 3. Kwa pikipiki ndogo kama Boxer au TVS, halojeni mbili ni mzigo usiobebeka. Hata kwa pikipiki kubwa mimi nashauri LED, ili umeme unaobaki uende kwenye chaja na, kwa wanaopita Njombe mwezi wa saba, kwenye mipini ya kupasha mikono joto.

Hatua ya 2: Taa za ziada, kwa rilei na fyuzi yake

Hapa ndipo kazi mbaya nyingi hufanyika, kwa hiyo nenda taratibu.

Fungua betri, ukianza na waya hasi. Sababu ni hii: ukianza na chanya, halafu spana yako ikagusa fremu, umepiga shoti ya betri nzima mkononi mwako. Wakati wa kurudisha, hasi inakuwa ya mwisho.

Nunua rilei ya miguu minne ya volti 12, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa. Chini yake imeandikwa namba 30, 85, 86 na 87. Unganisha hivi:

- 30 inapokea umeme moja kwa moja kutoka chanya ya betri, ukipita kwenye fyuzi. Fyuzi ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, ndani ya sentimita 15 au 20. Fyuzi kazi yake ni kuulinda waya, na waya ulioko kati ya betri na fyuzi haulindwi na chochote.
- 87 inakwenda kwenye taa.
- 85 inakwenda kwenye ethi, yaani hasi.
- 86 inapokea waya mwembamba wa kuamsha rilei, kutoka kwenye waya unaopata umeme pale tu ufunguo unapowashwa. Kwenye pikipiki nyingi, waya wa taa ya nyuma unafaa. Swichi yako ya kwenye usukani iweke kwenye waya huu mwembamba, kwa sababu unapitisha takriban ampea 0.2 tu na swichi haitaungua.

Kwa taa za LED za wati 36, fyuzi ya ampea 5 inatosha. Tumia waya wa milimita 1.5 za mraba. Fyuzi ikiungua usiweke kubwa zaidi, na usiifunge kwa karatasi ya sigara. Nimeona nyaya zilizoyeyuka hadi kushikana zote kuwa fungu moja la plastiki, na aliyefanya hivyo alitaka tu kufika mji uliofuata.

Kwa pikipiki zenye kompyuta inayosimamia umeme, kama BMW R 1200 GS iliyoanza kutoka mwaka 2004, usikate waya wa taa yoyote kuuongezea mzigo. Kompyuta itaona mzigo usioutambua na itauzima mkondo huo au kuwasha taa ya onyo. Mzigo wote utoke betri, na waya wa kuamsha rilei peke yake ndio utoke kwenye soketi ya vifaa.

Sasa njia ya nyaya. Nyaya za pikipiki hufia shingoni, pale usukani unapogeukia, kwa sababu zinakunjwa kila unapokata kona. Zipitishe pamoja na fungu la nyaya za kiwandani, usizibane kwa nguvu pale shingoni, halafu geuza usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia. Waya ukivutika au ukibanwa na fremu, ongeza urefu. Kila unapopita kwenye ukingo wa chuma, vika mpira.

Viungio: bana kwa koleo la kubania lagi (vichwa vya chuma vya ncha za waya), au lehemu kisha uvishe mpira unaosinyaa kwa joto. Ukilehemu, funga waya kwenye fremu kandokando ya kiungio, kwa sababu risasi hugandisha waya na mtikisiko huukata pale ugumu unapoishia. Mimi napendelea kubana. Tepu peke yake huachia kwa joto la injini, na gundi yake hukusanya vumbi.

Ethi usiifunge kwenye bolti yenye rangi. Kwangua mpaka chuma kiwe cheupe, au bora zaidi rudisha waya hadi hasi ya betri. Kisha ipime: washa taa, ncha nyeusi ya mita weka kwenye hasi ya betri, nyekundu weka kwenye ethi ya taa. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, ethi hiyo ni mbovu. Kipimo hiki ni cha nusu dakika, na kinaponya taa nyingi "zinazopepesa" ambazo watu wamezibadilisha bure.

Mwisho, elekeza taa chini. Paki mita 10 kutoka ukutani, mzigo ukiwa umefungwa na wewe umekaa, na uhakikishe mwanga mkali uko chini ya kimo cha taa zenyewe. Dereva wa lori unayempofusha anakuja upande wako.

Hatua ya 3: Chaja ya simu

Iwe na fyuzi yake ya ampea 3 au 5, nayo ipate umeme kutoka waya wa ufunguo. Usiiache ikiwa hai muda wote, kwa sababu chaja nyingi hula umeme kidogo hata bila simu, na wiki moja ya kupaki inatosha kuua betri ndogo. Tundu lielekee chini na liwe na kifuniko cha mpira.

Hatua ya 4: Keria na masanduku

Soma uzito ulioandikwa kwenye keria na uuheshimu. Sanduku la juu ya taa ya nyuma mara nyingi huruhusiwa kilo 5 hadi 10 tu. Mzigo unaokaa nyuma ya ekseli ya nyuma hunyanyua gurudumu la mbele, na ndipo usukani unapoanza kucheza ukifika kilomita 90 kwa saa. Vitu vizito, kama vifaa na maji, vikae kwenye masanduku ya pembeni, chini na mbele kadiri inavyowezekana, kilo sawa kila upande.

Bolti ya M6 hukazwa kwa nyutoni mita 10 hivi, ya M8 kwa 22 hadi 25. Kama huna spana ya kupima, kumbuka tu kwamba M6 inakatika kirahisi kuliko unavyodhani. Weka tone la Loctite ya buluu (gundi ya kuzuia bolti kulegea) kwenye nyuzi zilizosafishwa, si ile nyekundu, maana nyekundu haitafunguka porini. Kisha piga mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma chake. Ukisimama kunywa chai, jicho moja linakuonyesha nati iliyogeuka.

Baada ya kufunga mzigo, kaza springi za nyuma na uongeze upepo kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki kwa ajili ya abiria na mizigo.

Hatua ya 5: Kinga za mikono

Zifunge, kisha ukiwa umezima injini fungua mafuta mpaka mwisho na uachie. Mshiko lazima urudi wenyewe kwa kishindo, usukani ukiwa katikati, kushoto na kulia. Ukisitasita hata kidogo, kinga inagusa mshiko. Usitoke nje ya geti mpaka umeisogeza.

Hatua ya 6: Begi la juu ya tangi

Kifaa hiki hakina waya, lakini kinazima injini. Tangi linahitaji kuvuta hewa kupitia kifuniko chake au mpira mdogo wa hewa. Begi likiukunja mpira huo, au vumbi likiuziba, petroli inashuka kwa muda halafu inagoma. Dalili yake ni ya wazi: pikipiki inakwenda vizuri kilomita kadhaa, inakosa nguvu, inazima, ukipumzika inawaka tena. Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa "fsss" na injini ikawaka mara moja, umepata ugonjwa. Nyoosha mpira, upulize, sogeza begi.

Hitilafu nyingine utakazokutana nazo

*Ukiingiza gia injini inazima.* Angalia swichi ya stendi ya pembeni. Tope na vumbi huifanya iamini kwamba stendi iko chini. Mwagia maji, isugue kwa brashi, puliza WD-40, isukume mara nyingi kwa kidole. Na kabla ya hapo, hakikisha swichi nyekundu ya kuzimia injini haijaguswa na glavu.

*Inakosakosa baada ya mvua au kuoshwa.* Maji yametuama kwenye shimo la plagi. Injini nyingi zina tundu dogo la kutolea maji pembeni ya kichwa cha silinda, nalo limezibwa na matope. Lizibue kwa waya mwembamba, vua kofia ya plagi, kausha.

*Kebo ya klachi.* Haikatiki ghafla. Nyuzi zake huanza kuchomoka moja moja pale inapoingia kwenye mkono wa klachi, na ukiziona, safari isianze. Kwa safari ndefu nafunga kebo mpya sambamba na ya zamani, imelazwa njia ile ile, ncha zake zimezibwa kwa tepu. Ikikatika, unahamisha ncha mbili tu bila kuvua tangi. Uachie mchezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha ya mkono, vinginevyo klachi itateleza na kuungua.

*Mnyororo.* Zungusha gurudumu, tafuta sehemu ulipokaza zaidi, upime hapo, katikati ya upande wa chini. Pikipiki nyingi za lami hutaka mchezo wa milimita 25 hadi 35, zile zenye springi ndefu hutaka zaidi, na namba sahihi imebandikwa kwenye mkono wa gurudumu la nyuma. Legeza nati ya ekseli, geuza virekebishi vya pande zote mbili kwa kiasi kilekile ukifuata alama, kaza, pima tena. Kati ya kukaza mno na kulegeza kidogo, chagua kulegeza. Mnyororo uliokazwa mno, ukiongezwa na mzigo unaoshusha springi, huua beringi ya sproketi ya mbele, na hiyo haitengenezwi kando ya barabara.

*Breki laini kama sponji baada ya mteremko mrefu.* Ukirudi kutoka Mbeya, kwenye Kitonga shuka kwa gia ndogo, na breki uzitumie kwa vipindi. Zikiwa laini, simama zipoe. Oili ya breki hunyonya unyevu, na unyevu huchemka. Ibadilishe kila baada ya miaka miwili, na kama kifuniko kimeandikwa DOT 4 (daraja la oili hiyo), weka DOT 4, kamwe si DOT 5.

Ukishamaliza kufunga, usiondoke asubuhi hiyo hiyo. Zunguka mjini jioni na mzigo wote, pita kwenye rasta na matuta, rudi, shika kila bolti. Siku ya safari simama Chalinze, tazama mistari ya rangi kwenye nati, gusa rilei na kishikio cha fyuzi kwa kiganja. Kikiwa cha moto kuliko joto la jua, kuna kiungio kilicholegea hapo. Kibane upya kabla ya kuendelea.