Kulima mboga mu nyumba hapa Goma: kwa maji ama kwa udongo?

Mtu akiniuliza kama ni afazali alime kwa maji ama kwa udongo, mi namuuliza kwanza: udongo utautoa wapi? Ju mtu wa Beni ama wa Butembo anachimba tu nyuma ya nyumba, jembe linaingia, mambo imeisha. Sisi wa Goma, na zaidi wale wanakaa pale lava ya volkano Nyiragongo ilipita mwaka 2002, ukipiga jembe linatoa cheche. Udongo wetu mzuri tunaununua, unakuja mu magunia kutoka nje ya mji juu ya chukudu (ile ya mbao ya kusukuma) ama mu gari, na barabara ikifungwa bei inapanda kama ya makala ya kupikia. Kwa hiyo ile sababu unasikia mu mavideo ya watu wa mbali, eti udongo ni bure na maji ni ya wenye pesa, hapa kwetu haisimami. Hapa vyote viwili unalipa, swali ni ipi utaweza kulipa kila mwezi bila kuchoka.

Mmea haukuli udongo. Unakula chumvi zenye ziko ndani: naitrojeni, fosfori, potasiamu, kalisi (kalsiamu), manyezi (magnesiamu), chuma na zingine kidogo kidogo, tena mizizi inataka hewa. Kulima kwa maji, ile wanaita haidroponiki, ni kuchukua hizo chumvi, unaziyeyusha mu maji, unaweka mizizi humo, basi. Mmea hautafuti chakula mbali kwa hiyo unakua haraka, saladi yenye mu udongo inakula karibu miezi miwili tangu mbegu, mu maji unaweza kuivuna kwa wiki tano ama sita hivi. Shida ni kwamba udongo unapunguza makali ya makosa yako: umezidisha mbolea kidogo, umesahau kumwagilia siku mbili, utapona. Mu maji kosa la asubuhi unaliona ku majani kesho yake.

Sasa maji yenyewe, hapa njo watu wengi wanaangukia. Maji ya ziwa Kivu iko na pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) karibu 9, na mmea wenye unaishi mu maji unataka 5.5 mpaka 6.5. Na usijidanganye na robine (bomba), maji ya robine hapa mjini yanapigwa kutoka ziwa ile ile, wanaweka klorini tu juu. Klorini inatoka ukiacha ndoo wazi usiku mzima, lakini pH inabaki pale pale. Ikiwa juu hivyo chuma inaganda, mizizi haiwezi kuinyonya hata kama iko tele, halafu utaona majani mapya, yale ya juu kabisa, yanakuwa manjano na mishipa yake inabaki kijani. Mtu anaona manjano anasema njaa, anaongeza mbolea, anauwa mmea. Njaa ya naitrojeni inaanzia majani ya zamani ya chini, ya chuma inaanzia juu, ushike hiyo tu na utaokoa vitu vingi.

Kuna ingine tena. Ukichovya mashine ya kupima chumvi mu maji ya ziwa, ile ya EC, inakuonyesha karibu 1.2 (mS/cm) na bado hujaweka kitu. Saladi yote inataka 1.2 mpaka 1.8. Maana yake nafasi ya chakula imeshajazwa na sodiamu, manyezi na bikaboneti zenye mmea haukuziomba. Ndimu inashusha pH ndiyo, watu wanaitumia, lakini kesho kutwa imepanda tena ju zile bikaboneti zinairudisha na bakteria nazo zinakula asidi ya ndimu. Asidi ya fosforiki inashika vizuri zaidi, ukiipata uitie tone kwa tone na glavu mkononi, na tafazali sana maji ya betri ya zamani ya gari hapana, iko na madini ya risasi ndani, ile sumu, hiyo saladi utamlisha mtoto.

Kwa hiyo mi naona kama unataka haidroponiki Goma, utumie maji ya mvua. Mvua ya mabati karibu haina chumvi, EC yake inakaribia sifuri, unaanza na karatasi nyeupe. Lakini tuko chini ya Nyiragongo, moshi wake unatia asidi na floridi mu mvua, na mabati yenyewe inabeba vumbi, basi mvua ikianza uache imwagike dakika kumi na tano ama ishirini, isafishe hewa na mabati, kisha njo unaweka tanki ama mabidoni chini ya goteri. Hata hivyo upime pH. Kama huna karatasi za kupimia pH wala kamashine kake, baki ku udongo, sikutanii, kulima kwa maji bila kupima ni kutembea usiku bila tochi.

Mbolea nayo. Ile NPK 17-17-17 ya mabutike ni ya shamba, haikutengenezwa kwa maji. Sehemu kubwa ya naitrojeni yake ni urea na amonia zenye zinataka bakteria za udongo zizibadilishe kwanza, haiyeyuki yote, na kalisi kawaida hamna. Tafuta mbolea yenye imeandikwa inayeyuka yote mu maji na iko na madini madogo-madogo (chuma, boroni, zinki na wenzao), halafu nitrati ya kalisi mbali, na salfati ya manyezi mbali. Kuchanganya iko na utaratibu: unajaza chombo maji kwanza, unayeyusha ile ya kwanza, kisha manyezi, kalisi ya mwisho kabisa mu maji mengi. Ukikutanisha kalisi na salfati zikiwa bado nzito, zinaungana zinakuwa unga mweupe chini ya ndoo na huo unga hautarudi tena kuwa chakula. Ukikosa hizi mbolea, usijilazimishe.

Ukizipata, fanya njia ya Kratky, ya yule profesa wa chuo kikuu cha Hawaii, haina pompe, haina umeme. Chukua bidon ya manjano ya lita 20, uioshe vizuri (yenye ilibeba mazuti, mafuta ya gari, usiiguse), uilaze ubavu. Juu yake utoboe mashimo manne kwa kisu cha moto, kila moja iwe na upana wa mdomo wa kikopo cha yaurti. Vile vikopo navyo uvitoboe chini na pembeni. Bidon uifunge na plastiki nyeusi ama uipake rangi nyeusi na juu yake nyeupe, ju mwangaza ukiingia ndani maji yanaota ukijani, ule ukijani unakula mbolea na unanyima mizizi hewa. Mbegu uziotesheze mu vipande vidogo vya sponji ya godoro vilivyolowa maji safi, zikitoa majani mawili matatu ya kweli unaziweka mu vikopo. Maji uyajaze mpaka yaguse chini ya kikopo, sentimetre moja hivi, isipite.

Halafu usiongeze. Hii njo watu hawaamini. Saladi itakunywa, maji yatashuka, mizizi ya juu itabaki kwenye hewa na itaota vinywele vyeupe kama pamba, hiyo njo inapumua, ile ya chini inaendelea kunywa. Ukija kwa huruma ukajaza mpaka juu, unazamisha mizizi ya kupumua na mmea unanyauka huku umesimama mu maji. Saladi moja inamaliza lita nne hivi maisha yake yote, fanya hesabu uone, bidon moja saladi nne zinakula na kidogo kinabaki. Kwa mtu anabeba maji ku mgongo hiyo si kitu kidogo. Ukitaka kujua afya, inua kikopo kimoja: mizizi iwe nyeupe ama rangi ya maziwa na isinuke. Ikiwa kahawia, inateleza, ukiivuta ngozi inatoka inabaki uzi, na inanuka bwawa, ni uozo wa pithiamu (ugonjwa wa mizizi), toa yote, osha bidon na javeli (dawa ya klorini), anza tena. Hapa tuko na bahati juu ya hiyo, tuko karibu mita 1,500, nyumba zetu ni baridi, na maji baridi inabeba hewa zaidi, wenzetu wa Uvira na Kalemie wanateseka kutushinda.

Zile sisteme za pompe, mabomba yenye maji inapita siku nzima, ni nzuri ku picha. Umeme ukienda mchana wa jua, mizizi iko mu bomba tupu, masaa machache tu imekauka, na umeme wetu unaujua. Kama uko na paneli na betri ya kuaminika, jaribu. Mi sishauri.

Udongo sasa. Gunia la mchele, sehemu mbili udongo, sehemu moja mbolea ya ngombe ama ya sungura iliyooza, sehemu moja vikokoto vidogo vya volkano. Mbolea iliyooza hainuki kinyesi, inanuka msitu baada ya mvua, kama bado iko moto ukiingiza mkono ndani itachoma mizizi. Kujua kama mchanganyo uko sawa, ulowanishe kidogo, ukamate ngumi moja ubane: ukifungua mkono udongo ubaki donge, ukiugusa na kidole uanguke. Ukibaki mgumu ongeza vikokoto, ukimwagika wenyewe ongeza mbolea. Katikati ya gunia simamisha nguzo ya mawe, unatumia kopo isiyo na chini, unaijaza mawe, unazungushia udongo, unaivuta juu kidogo kidogo, hivyo maji unamwaga juu yanafika mpaka chini. Pembeni toboa mashimo, panda humo lenga-lenga (mchicha), selari, shu (kabichi), kitunguu cha majani, na juu nyanya mbili. Udongo wa volkano uko na potasiamu, lakini naitrojeni volkano haitoi, hiyo inatoka ku mbolea ya mifugo, kwa hiyo kila baada ya mavuno urudishie.

Kama ni ndani ya nyumba, kuna mambo mawili yenye udongo unaleta na maji hayaleti. Uzito: gunia la lita 50 likilowa linafika kilo 70 hivi, mu etaji ama juu ya mbao ufikirie mara mbili. Na vile vijinzi vidogo vyeusi vyenye vinazaliana mu udongo uliolowa, vinaingia mpaka mu chai, dawa yake ni kuacha juu ikauke kabla ya kumwagilia tena na kutandika vikokoto vikavu juu.

Vikokoto tena njo njia ya katikati, na sijui kwa nini watu wanaidharau. Wazungu wanauziana mawe yenye matundu kwa bei kubwa ili walimie, sisi tunajengea nayo lupango (ua wa nyumba). Chukua yale mekundu ama meusi mepesi, yavunje yawe ya ukubwa wa maharagwe, uyaoshe mpaka maji yatoke safi (ule unga wake ukibaki unaziba kila kitu), uyaloweke siku mbili tatu upime pH ya maji, ikipanda uoshe tena. Jaza mu ndoo yenye tundu la pembeni, sentimetre tatu juu ya kitako, ili kidogo kibaki chini kama akiba. Unamwagia maji ya mbolea mara moja ama mbili kwa siku kwa kikombe, na mara moja kwa wiki maji matupu ya kuosha chumvi. Hakuna umeme, hewa iko tele ku mizizi, ukisahau nusu siku haifi. Nyanya na puavro (pilipili hoho) zinapenda hii kuliko bidon ya Kratky, ju zinakunywa sana na zinakaa miezi.

Mwangaza hauchagui maji wala udongo. Sisi tuko karibu na ikweta, siku ni masaa 12 mwaka mzima, lakini mita mbili tu kutoka dirishani mmea unaona giza, utarefuka shingo na kulala. Weka dirishani kabisa ama ku baranda yenye bati la kuangaza, na ukiwa na ampuli za LED nyeupe zining'inize sentimetre 20 mpaka 30 juu ya saladi, masaa 14 ama 16. Umeme wa taa ukikatika usilie, mmea utangoja. Kwa nyanya, faida kubwa ya kuwa chini ya bati ni majani kubaki makavu, ju mildiu (ugonjwa wa kuozesha majani) inapenda majani yaliyolowa na mvua za Goma unazijua. Na kama unakaa upande wenye mazuku (hewa nzito ya sumu yenye inatoka ardhini na kujaa mahali pa chini), usifanye hii kazi mu shimo ama mu kachumba ka chini kasiko na hewa: ile hewa mbaya itakuuwa.

Saladi, selari na basiliki mi naweka mu bidon. Nyanya na puavro mu vikokoto. Lenga-lenga, shu na kitunguu mu gunia, na karoti usisumbuke nazo mu maji.

Maji ya mbolea yanayobaki mu bidon baada ya kuvuna usiyamwage mu barabara. Yachanganye nusu kwa nusu na maji matupu, umwagilie magunia, ila leo gunia hili, wiki ijayo lingine, chumvi isijikusanye mahali pamoja.