Somo: Kukunja Korongo wa Karatasi, na Hatua Inayowashinda Wengi

Karibu kila wiki naulizwa kwa nini korongo wa mtu fulani ametoka na shingo iliyopinda, na jibu ni lile lile. Nimekunja karatasi tangu nikiwa darasa la nne hapa Nairobi, nilipoanza na mashua za kurasa za daftari, kwa hiyo naandika somo zima ili atakayeuliza asome hapa.

1. Kata mraba kamili. Karatasi ya A4 hukupa mraba wa sentimita 21.

2. Kunja ulalo zote mbili, yaani kutoka pembe hadi pembe, fungua. Pindua karatasi, ikunje nusu kwa nusu pande zote mbili, kisha fungua.

3. Kusanya pembe nne mahali pamoja upate mraba mdogo. Pembe iliyo wazi ielekee kwako.

4. Kunja kingo mbili za chini za tabaka la juu hadi karibu kabisa na mstari wa kati, teremsha juu yake pembetatu ya kileleni, kisha fungua yote matatu.

5. Hapa ndipo nilipoharibu karatasi kwa miaka miwili. Shika ncha ya chini ya tabaka la juu peke yake, uiinue kuelekea kileleni, ukiufanya mkunjo wa ile pembetatu kuwa bawaba. Katikati ya safari karatasi hukaa mfano wa mtumbwi, na mikunjo miwili ya pembeni kwenye tabaka unaloliinua sharti igeuke upande, ile iliyokuwa bonde (imezama) iwe mlima (imeinuka). Mimi nilikuwa nalazimisha kwa kidole gumba, karatasi ikachanika pale bawaba inapoanzia. Usilazimishe: sukuma kingo ziingie ndani polepole, na ubonyeze tu zinapokuwa zimelala zenyewe. Tena katika hatua ya 4 acha kingo zisiufikie kabisa mstari wa kati, ziache nafasi nyembamba kama unywele. Zikipandana hata kidogo, shingo itapinda, na hakuna hatua ya baadaye inayoweza kuinyosha.

6. Geuza, rudia hatua ya 4 na ya 5 upande wa nyuma.

7. Ncha mbili za chini zenye mpasuko kati yao ndizo shingo na mkia. Zikonde kwa kukunja kingo zake hadi katikati, mbele na nyuma, kisha zipandishe zikipita kati ya matabaka. Kunja ncha ya shingo iwe kichwa, shusha mabawa.

Maswali ya wanachama wetu, kila mmoja na mtaa wake wa Nairobi

Mwanachama wa Kayole: Lazima nikate? Nimetumia A4 ilivyo na imekataa.

Jibu: Lazima. Soma hatua ya 1.

Mwanachama wa Umoja: Mwalimu, hatua ya 5 haifanyi kazi. Nadhani umekosea maelezo.

Jibu: Maelezo hayo nimeyafuata mwenyewe mara nyingi mno. Je, uligeuza mikunjo ya pembeni? Hukusema, nami siwezi kukusaidia bila kujua.

Mwanachama wa South B: Shikamoo mwalimu. Mbona karatasi ile ile hukubali mkunjo upande mmoja na kugoma upande mwingine?

Jibu: Marahaba, na ahsante kwa kuchunguza. Kiwandani nyuzi za karatasi hulala zaidi kufuata mwendo wa mashine, hivyo mkunjo unaofuata nyuzi hutoka laini, na unaozikata hupinga na kuacha ukingo wenye manyoya. Ipinde karatasi bila kuivunja, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Upande unaopinda kwa wepesi ndio wa nyuzi. Kwa korongo huna pa kukwepa, kwa kuwa mikunjo huenda pande zote, lakini utajua ni mkunjo upi unahitaji kubonyezwa kwa ukucha.

Mwanachama wa Kayole: Nimekata, amekubali! Je, naweza kukunja mdogo zaidi?

Jibu: Hongera. Shuka taratibu hadi sentimita 10. Sadako Sasaki, binti wa Hiroshima aliyefariki mwaka 1955, alikunja makorongo yake hospitalini hata kwa karatasi zilizofungia dawa.

Mwanachama wa Buruburu: Msimu huu wa mvua karatasi zangu zimelegea. Mimi huzilaza usiku kucha kati ya vitabu vizito.

Jibu: Ni njia nzuri. Jaribu pia karatasi ya khaki tunayofungia madaftari ya watoto: ni ngumu kuchanika, na hustahimili hatua ya 5 hata mkono ukiwa bado mgeni. Manila iache, ni nene mno kwa shingo.