Somo: Kuchagua theremin na kuigeuza kihisi cha mtu anayesogea

Wakuu, kuna ndugu anatengeneza kabati la kioo la kuonyeshea vinyago. Anataka taa za ndani ziwake taratibu kadiri mtu anavyosogea, na zisizime mtu akisimama kutazama. Akaniuliza anunue theremin ipi. Nikamwambia asitoe hela kwanza, maana theremin inayosifiwa na wanamuziki mara nyingi ndiyo itakayomsumbua kwenye kazi hii. Naandika yote hapa ili na wengine wafaidike.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: ni ala inayopigwa bila kuguswa. Ina fimbo ya chuma iliyosimama na pete ya chuma ubavuni. Mkono ukisogelea fimbo, sauti inazidi kuwa nyembamba. Ukisogelea pete, sauti inafifia. Aliyeibuni ni Mrusi Lev Termen, mnamo 1920 kule Petrograd, katika taasisi ya fizikia ya Abram Ioffe. Hakuwa anatafuta muziki. Alikuwa na kifaa cha kupimia gesi, akaona mlio unabadilika kila mwili wake unaposogea. Mwaka 1922 alipoenda kumwonyesha Lenin ala hiyo, alibeba pia king'ora cha wezi cha kanuni ileile. Kwa hiyo sisi hatuipotoshi theremin, tunairudisha kwao.

Hatua ya 1: Jiulize kama unaihitaji kweli

Ukitaka kujua mtu yuko sentimita ngapi, nunua kihisi cha HC-SR04 cha mawimbi ya sauti na somo hili uliache hapa. Theremin haipimi umbali. Inapima mabadiliko ya kepasitansi (uwezo wa vitu viwili vilivyokaribiana kuhifadhi chaji ya umeme), na mwili mnene ulio mbali kidogo unaweza kuleta badiliko sawa na mkono mwembamba ulio karibu.

Faida yake iko kwingine. Inahisi kupitia kioo, mbao na plastiki bila kutoboa tundu. Inamhisi mtu aliyetulia tuli, jambo ambalo kihisi cha PIR hakiliwezi kwa sababu chenyewe kinasubiri joto lisogee. Tena jibu lake linapanda na kushuka kwa ulaini, halirukiruki. Kwa kabati la vinyago, hapo ndipo penyewe.

Hatua ya 2: Kuchagua

Anza kwa kuzitupa za uongo. Vifurushi vingi vya bei ya chini vinavyoitwa theremin vina kihisi cha mwanga tu: unaziba mwanga kwa mkono, mlio unabadilika. Kama haina antena ya chuma, siyo.

Ala kamili kama Moog Etherwave ni nzuri, lakini unalipia sauti na boksi la mbao. Theremini, ya kampuni hiyohiyo, inatoa MIDI (lugha ya kidijitali ya ala za muziki) kwa USB pamoja na volti ya kudhibitia vifaa vingine, kwa hiyo ni rahisi kuiunganisha. Ukiitumia, zima kabisa ile sehemu ya kusahihisha noti, la sivyo usomaji utakwenda kwa ngazi badala ya kuteleza.

Open.Theremin ya Urs Gaudenz wa Uswisi, toleo la V3, inapachikwa juu ya Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu), na michoro na programu yake viko wazi. Mwenye uwezo wa kuiagiza na anayeandika kodi, aichukue hiyo.

Mimi napendelea njia ya nne, ambayo naiita theremin nusu. Theremin halisi ina oskileta (saketi za kutoa mapigo yanayojirudia) mbili za frikwensi ya juu: moja imetulia, nyingine inayumbishwa na mkono. Zikichanganywa, tofauti yao ndiyo mlio unaousikia. Sasa, Arduino tayari ina saa iliyotulia ndani yake. Ya nini oskileta ya pili? Jenga moja tu, ile inayoyumba, Arduino iihesabu moja kwa moja. Sikio halihitajiki.

Hatua ya 3: Saketi

Chipu ni CD4093, ya bei ndogo sana. Unganisha mguu wa 1 na wa 2 pamoja. Toka hapo weka rezista ya kiloohmu 100 kwenda mguu wa 3, na kapasita ya pikofaradi 33 kwenda ardhi ya saketi (upande hasi). Kapasita iwe ya aina ya C0G, ambayo pia huandikwa NP0. Zile za kawaida za seramiki hubadilika thamani kwa joto, nawe utabaki unapima hali ya hewa. Antena inaingia kwenye makutano ya mguu 1 na 2 kupitia rezista ya kiloohmu 4.7, kwa sababu chipu hizi hufa kwa umeme tuli wa kidole kimoja tu.

Mguu wa 3 unaingia 5 na 6, na mguu wa 4 unakwenda pini 5 ya Arduino Uno. Miguu 8, 9, 12 na 13 isiachwe ikining'inia, ipeleke ardhi. Volti 5 mguu wa 14, ardhi mguu wa 7, na kati yake kapasita ya nanofaradi 100 iliyobanana na chipu.

Utapata kHz 200 na kitu. Kila chipu ina tabia yake. Tuchukue 200. Ukihesabu kwa sehemu ya kumi ya sekunde unapata mapigo 20,000. Tuseme kepasitansi yote, antena ikiwemo, ni pikofaradi 50. Mkono ukiongeza 0.1 tu, hiyo ni asilimia 0.2, kwa hiyo hesabu inashuka mapigo 40. Pikofaradi 0.1 ni kitu kidogo mno kwa mita ya kawaida, lakini mapigo 40 mtoto wa shule anayaona.

Hatua ya 4: Antena na ardhi

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapokwama.

Fimbo ni ya mwanamuziki. Wewe tumia bamba: karatasi ya aluminiamu ya jikoni, sentimita 20 kwa 30, iliyobandikwa nyuma ya ubao wa mbele wa kabati. Usitarajie ihisi mbali zaidi ya upana wake mara mbili hivi. Ukitaka umbali, ongeza bamba. Kuongeza volti hakusaidii.

Waya kati ya bamba na chipu uwe mfupi, sentimita 5 au 10. Usitumie kebo ya antena. Kebo ya RG-58 ina karibu pikofaradi 100 kwa kila mita, na badiliko lako la 0.1 litazama humo kama chumvi kwenye pipa. Bodi ikae jirani na bamba. Kinachosafiri mbali kiwe ni mapigo ya mguu wa 4.

Halafu ardhi. Mara ya kwanza nilijaribu mezani, laptopu ikiwa kwenye chaja, nikapata sentimita 50 safi kabisa. Nikahamishia pawabenki, nikaenda kufunga kwa mteja, ikabaki 20. Nilibadilisha chipu mbili kabla ya kuelewa kwamba chaja ilikuwa inaipa saketi njia ya kurudia ardhini, na pawabenki inaelea hewani. Mwili wa mtu ni upande mmoja wa kapasita. Upande wa pili lazima ushike kitu. Dawa: bati kubwa chini ya kabati lililounganishwa na ardhi ya saketi. Waya za ardhi za umeme wa nyumba mwachie fundi umeme mwenye leseni.

Hatua ya 5: Programu

Tumia maktaba ya FreqCount ya Paul Stoffregen, kipimo cha milisekunde 100. Kwenye Uno inateka taima mbili, hivyo pini 3, 9, 10 na 11 hazitafifisha taa. Weka taa pini 6.

Kiini chenyewe ni mistari minne:

tofauti = msingi - soma;
if (!yupo) msingi += (soma - msingi) * 0.003;
if (tofauti > 25) yupo = true;
if (tofauti < 12) yupo = false;

"Soma" ni hesabu ya mapigo ya sasa. "Msingi" ni kumbukumbu ya chumba kikiwa kitupu. Itangaze kama float (namba yenye desimali). Inafuata usomaji polepole, nusu dakika hivi, ili joto la mchana likipanda nayo ipande. Mtu akifika inaganda, isije ikamzoea na kumsahau. Namba 25 na 12 zimeachana makusudi. Ukiweka moja tu, taa zitapepesa mtu akiwa mpakani. Ongeza pia sharti kwamba "yupo" ikidumu dakika 5, msingi uanze upya, maana kuna siku mtu ataegesha kiti cha chuma mbele ya kabati na kuondoka.

Hatua ya 6: Kupima pale pale litakapokaa

Kuna duka nilifunga saa sita mchana, kila kitu sawa. Jioni moja baadaye napigiwa simu: taa zinawaka zenyewe kila siku wakati wa kufunga. Nikaenda nikakaa nao mpaka saa mbili usiku. Kijana akavuta mlango wa bati wa kuviringisha, mita moja kutoka kwenye kabati, na bati lote lile likashuka mbele ya antena. Pim, taa. Nilisogeza kabati hatua mbili, ikaisha. Kwa hiyo fungua na funga kila mlango, washa feni, washa kiyoyozi, kabla hujapokea hela.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Mimi tayari nina theremin ya zamani, inatoa sauti tu kwenye jeki. Niitupe?

Usitupe. Pitisha sauti kwenye kapasita ya mikrofaradi 1, iinue hadi volti 2.5 kwa rezista mbili zinazolingana, ipeleke LM393, chipu ya kulinganisha volti. Usisahau rezista ya kiloohmu 10 toka kwenye mguu wa kutolea kwenda volti 5. Bila hiyo LM393 ni bubu. Ikitoka hapo inaingia pini 8, na maktaba iwe FreqMeasure, kwa sababu mlio wa Hezi mia chache ukiuhesabu kwa muda mfupi hupati kitu, ni bora upime urefu wa wimbi moja moja. Na usiisawazishe ikae kimya kabisa pasipo mtu. Ikishuka hadi sifuri na kuvuka, mlio unapanda tena upande wa pili, na Arduino haiwezi kujua uko upande upi. Iache ikilia Hezi 200 hivi.

Swali: Itamtofautisha mtu na paka?

Hapana. Paka akipanda juu ya kabati utadhani ni mgeni rasmi.

Swali: Fundi, nina makabati matatu yamepangana. Zitagombana?

Zitagombana, hasa frikwensi zikikaribiana. Moja itaivuta nyenzake. Tenganisha mguu wa 1 na wa 2: saketi ibaki kwenye mguu wa 2, wa 1 uupeleke pini ya Arduino. Pini ikiwa chini oskileta inalala, ikiwa juu inaamka. Ziamshe kwa zamu. Zote tatu, kila moja milisekunde 100, bado unapata usomaji mara tatu kwa sekunde.

Swali: ESP32 (bodi nyingine kama Arduino) si ina pini za mguso tayari? Kwa nini tuhangaike?

Kwa mguso, au sentimita chache kupitia ubao mwembamba, inatosha kabisa na nakushauri uanze nayo. Kwa nusu mita hapana. Na kama utatumia ESP32 kuhesabu mapigo ya somo hili, FreqCount haiendi humo, tumia kihesabio chake cha PCNT.

Swali: Dada hapa. Sina kifaa cha kupima frikwensi. Nitajuaje oskileta inafanya kazi kabla sijagusa programu?

Dada, tafuta redio ndogo ya betri yenye AM. Mawimbi ya 4093 ni ya mraba, kwa hiyo yanatoa pia vizidishio: kHz 600 na 1000. Iweke redio hatua moja kutoka kwenye bamba, zungusha mshale taratibu mpaka usikie mluzi wa kukwaruza juu ya kituo chochote. Ukishaupata, sogeza mkono kwenye bamba. Mluzi utateleza. Kituo cha redio ndiyo oskileta ya pili, na hapo umeshapiga theremin nzima bila kuijenga.